Dirisha la ndege ndogo si kioo, tusilifute kwa gazeti

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nisahihishe jambo lililotokana na picha mliyoichapisha hivi karibuni, ikimwonyesha kijana aliyepanda ngazi fupi ubavuni mwa ndege ndogo ya injini moja katika uwanja wetu wa ndege hapa Tanga, mkono mmoja ameshika chupa ya kupulizia dawa ya vioo, na kwa mkono wa pili anasugua dirisha la mbele kwa karatasi ya gazeti iliyofinyangwa. Maelezo yaliyowekwa chini ya picha yalimsifu kwa bidii na usafi. Bidii yake sina shaka nayo. Nilitwaa miwani yangu nikaitazama ile karatasi kwa makini, na kama macho hayakunidanganya lilikuwa gazeti lako lenyewe, jambo ambalo kwa upande wa mauzo huenda likakufurahisha, lakini kwa upande wa lile dirisha ni msiba.

Mimi ni mstaafu, mkazi wa Chumbageni. Nilianza kazi nikiwa mwoshaji wa ndege ndogo, nikapanda nikawa msaidizi wa fundi, na hadi siku niliyokabidhi funguo za kabati la vifaa nilikuwa bado nawasimamia vijana wa kuosha, kwa hiyo kosa la yule kijana nalijua vizuri kwa sababu nimewahi kulitenda mwenyewe. Siandiki kumlaumu. Alipewa ndoo, chupa na gazeti, akaambiwa asafishe vioo, naye akavisafisha kama vinavyosafishwa vioo vya dukani na vya daladala. Kosa limo katika neno alilopewa.

Kiswahili chetu hulitumia neno kioo kwa mambo mengi: kile cha dirishani, kile cha kujitazamia, kile cha mbele ya gari, na siku hizi hata uso wa simu. Chochote kigumu kinachopitisha mwanga tunakiita kioo, na tukishakiita hivyo tunakitendea hivyo. Sisemi BAKITA iitishe kikao kwa ajili ya madirisha ya ndege, lakini wale wanaoyashika kila siku wangefaa kujua kwamba madirisha ya ndege ndogo nyingi, pamoja na lile kubwa lililo mbele ya rubani, hayana kioo ndani yake hata kidogo. Ni plastiki ya aina iitwayo akriliki, ile ile ambayo watengenezaji wa mabango huinunua kwa jina la Perspex. Wajerumani waliiingiza sokoni mwaka 1933 kwa jina la Plexiglas, Waingereza nao wakawa na Perspex yao, na Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto plastiki hiyo ndiyo iliyowafunika marubani wa ndege za kivita wa pande zote mbili. Waundaji wa ndege waliipenda kwa sababu uzito wake ni kama nusu tu ya uzito wa kioo, hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na ikipashwa moto hupindika ikafuata umbo la pua ya ndege. Hata ndege kubwa za abiria zinaitumia kwenye madirisha ya abiria, ingawa mbele ya marubani wake huwekwa kioo cha tabaka kadhaa kinachopashwa joto.

Niruhusu nichepuke kidogo. Katika vita hivyo vipande vya plastiki hiyo viliruka vikaingia machoni mwa marubani wa Kiingereza, na daktari wa macho Harold Ridley wa London alipoona kwamba jicho linavivumilia bila kuvimba, akabuni lenzi ya akriliki na mwaka 1949 akampandikizia mgonjwa wa mtoto wa jicho. Wazee wengi waliopasuliwa mtoto wa jicho wanaona leo kwa lenzi za ukoo huo. Ninalitaja hili kwa sababu vijana niliowafundisha walikuwa wakisahau upesi kila nilichowaambia kuhusu petroli na amonia, lakini habari ya jicho hawakuisahau, na nilipomwona mmoja ananyoosha mkono kuchukua tambara chafu ilinitosha kumwambia "jicho hilo" akalirudisha mwenyewe.

Ubaya wa akriliki ni ulaini wake. Kioo cha nyumbani ni kigumu kiasi kwamba karatasi ya gazeti, ambayo ni nyuzi za miti zilizobanwa na wino wenye masizi, hukisugua na kukiachia mng'aro, na bibi zetu waliofutia chemni za taa kwa gazeti hawakukosea hata kidogo. Karatasi hiyo hiyo ikipitishwa juu ya akriliki huacha mikwaruzo myembamba kuliko nywele. Karatasi laini za kufutia mikono ni vivyo hivyo, kwa kuwa nazo ni miti. Dodoki, taulo ngumu, na makumbi ya nazi tunayosugulia masufuria hata sitaki kuyataja, ila nimewahi kumkuta mtu anayatumia kuondoa kinyesi cha kunguru, na dirisha lile baadaye lilionekana kama limepigiwa msasa.

Mtu akisimama kivulini hataiona mikwaruzo hiyo, na ndiyo maana kila mwoshaji huapa kwamba dirisha lake ni safi. Ndege inayoondoka Tanga asubuhi kwenda Pemba inaelekea mashariki, na jua la saa moja linakuwa limesimama mbele ya rubani juu ya bahari. Hapo kila mkwaruzo hunasa mwanga na kuurusha machoni, mistari maelfu inawaka kwa pamoja, na dirisha lililokuwa angavu kivulini linageuka kuwa pazia jeupe. Kama aliyefuta alikuwa akizungusha mkono, kama sote tunavyofanya tukifuta meza, mikwaruzo yake itakuwa ya mviringo, na jua litokee upande wowote litakuta sehemu ya kila duara iliyokaa sawasawa kulipokea, ndipo rubani huona gurudumu la mng'aro limelizunguka jua na kumfuata kila anapogeuka. Aliyefuta kwa mkono ulionyooka, juu na chini, hata kama amekwaruza, mistari yake huwaka tu jua likiwa upande fulani. Kwa sababu hiyo mafundi hukataza mzunguko. Wengi hudhani ni adabu ya kazi tu, kama kukunja sare, na hawaulizi zaidi.

Safari ya Pemba haimalizi nusu saa, na mtu anaweza kusema rubani avumilie. Lakini katika ndege ndogo macho ya rubani ndiyo ulinzi wake wa kwanza. Ndege nyingine iliyo mbali huonekana kama nukta, na dirishani tayari kuna nukta kadhaa za wadudu waliogandamia, sasa ni ipi ya kuihofia? Wakati wa kutua anatakiwa kuwaona mwewe wanaozunguka, kunguru wetu wasiokwisha, na pengine mbuzi aliyeamua kukatiza njia. Haya yote anayatazama kupitia plastiki ambayo asubuhi hiyo imesuguliwa na mtu asiyeambiwa kitu.

Sasa nije kwenye ile chupa, ambayo naiogopa zaidi kuliko gazeti. Dawa nyingi za vioo zinazouzwa madukani zina amonia au spiriti ndani yake. Mwongozo wa rubani wa ndege za Cessna, ambazo ni miongoni mwa ndege ndogo zinazoonekana sana katika anga ya pwani yetu, unakataza kwa majina vitu visivyotakiwa kugusa dirisha: petroli, benzini, alkoholi, asetoni, tetrakloridi ya kaboni, maji ya kizima moto, dawa ya kuyeyushia barafu, tina ya kuchanganyia rangi, na dawa ya vioo. Msomaji aone kwamba ile chupa yenye picha ya dirisha linalometameta imewekwa katika orodha moja na petroli. Asetoni nayo si jambo la mbali, kwa maana ndiyo iliyomo katika dawa nyingi ambazo binti zetu huondolea rangi ya kucha.

Vitu hivyo haviikwaruzi plastiki, vinaingia ndani yake. Dirisha la ndege limepindwa, limebanwa kingoni, pengine limetobolewa lipite skrubu, na kila palipobanwa pana mkazo. Kimiminika kikali kikifika penye mkazo huzilegeza nyuzi za plastiki zilizokuwa zimeshikana, nazo zikiachana hufanyika nyufa ndogo sana, nyingi sana, zisizohisika kwa ukucha. Huenda zisionekane siku hiyo wala wiki hiyo. Zikishaonekana hazina dawa, kwa sababu si za juu juu, na kila jua na kila mtetemo wa injini unazirefusha.

Nilisema kosa hili nimelitenda. Nikiwa kijana, katika uwanja mmoja ambao sina haja ya kuutaja, niliagizwa kuondoa matone ya oili yaliyorushwa na injini juu ya dirisha la mbele. Kila asubuhi hukingwa petroli kidogo kutoka kwenye tangi la ndege ili kuangalia kama imeingia maji, na siku ile kikombe kilikuwa pale pale kando ya gurudumu. Nikachovya tambara, nikafuta mara mbili, oili ikatoweka yote na dirisha likameta hata nikajiona fundi. Jioni nilisifiwa mbele ya wenzangu. Baada ya majuma machache kwenye kona ya chini, karibu na skrubu, kulitokea kitu kama magamba ya dagaa, kinachometa ukitazama huku na kutoweka ukitazama kule. Fundi mkuu hakunigombeza. Alingoja jua lishuke, akanipandisha kwenye kiti cha rubani, ndege ikiwa imeelekezwa magharibi, akaniambia nitazame nje nimhesabie minazi iliyokuwa ng'ambo ya uwanja. Sikuona hata mmoja. Dirisha lile lilitolewa, jingine likaagizwa ng'ambo, na ndege ikakaa chini kulingoja huku mwenyewe akilipa watu wasiokuwa na kazi. Mimi sikufukuzwa, na hadi leo sijui kwa nini.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, kosa hilo lilirudi kwa mlango mwingine. Kila kilichoguswa kilipulizwa kitakasa mikono, ambacho sehemu yake kubwa ni alkoholi, na watu wenye nia njema walipangusa pia madirisha ya abiria kwa ndani, mahali palipojaa alama za vipaji vya nyuso na vidole vya watoto. Upande wa ndani ni plastiki ile ile, na mafuta ya ngozi yanatoka kwa maji ya sabuni bila taabu yoyote.

Nieleze basi dirisha hilo huoshwaje, na nitaeleza kwa mazingira ya hapa kwetu, kwa kuwa maelekezo mengi yameandikwa kwa nchi za theluji. Uchafu wa Tanga una sura zake. Upepo wa kusi na wa kaskazi wote unapita baharini, kwa hiyo ndege iliyolala nje usiku mmoja huamka na utando wa chumvi. Juu ya chumvi hukaa vumbi, liwe jekundu la viwanja vya bara ndege ilikotoka au lile jeupe la mawe ya chokaa yetu, na vumbi lolote ni mawe madogo. Masika huleta kumbikumbi wanaopasuka dirishani na kukauka kama gundi. Kunguru nao wana mchango wao. Tambara kavu likipita juu ya mchanganyiko huo linakuwa msasa, na nguvu ya mkono wa kijana mwenye bidii ndiyo inayozidisha madhara.

Kwa hiyo maji hutangulia, mengi, kabla ya tambara lolote. Maji ya mpira yatiririke polepole kutoka juu hadi chini kwa muda wa kutosha chumvi iyeyuke na mawe yasombwe, yasipigwe kwa mashine ya msukumo mkubwa kama ile ya kuoshea malori, kwa sababu msukumo huo huingiza maji kwenye vifungo vya kingoni na kuvichimba. Wakati maji yanapita, mwoshaji apitishe kiganja chake kitupu juu ya dirisha, kwa wepesi. Watu hushangaa nikisema hivi, lakini hakuna kitambaa kinachoweza kumwambia mtu kwamba hapa pamebaki chembe, na ngozi ya mkono inamwambia mara moja. Kabla ya hapo avue pete na saa, na kama ana kitambulisho kinachoning'inia shingoni akitie ndani ya shati, maana nimeona mikwaruzo mizuri iliyonyooka ambayo hakuna aliyejua ilikotoka hadi tulipomwona mtu akiinama juu ya dirisha na kitambulisho chake kikicheza.

Kumbikumbi waliokauka na kinyesi cha ndege havikwanguliwi. Hulowekewa kitambaa kilichojaa maji, kikaachwa juu yake dakika kadhaa huku mtu akifanya kazi nyingine, kisha vinatoka vyenyewe. Baada ya hapo ndipo hupitishwa maji yenye sabuni ya maji isiyo kali, kidogo tu, kwa kitambaa laini, kwa mkono ulionyooka juu na chini. Sabuni ya unga haifai, kwa kuwa punje zake haziyeyuki zote, na punje isiyoyeyuka ni mchanga kama mchanga mwingine. Kama oili bado imeng'ang'ania, mwoshaji aishie hapo na amwite fundi, ambaye atatazama mwongozo wa ndege hiyo unaruhusu nini, kwa sababu dawa inayokubaliwa na mtengenezaji mmoja inaweza kukataliwa na mwingine.

Kuhusu kitambaa niseme kwa kirefu zaidi, kwa sababu hapa ndipo fedha huokolewa au hupotezwa. Kuna vitambaa vilivyotengenezwa maalumu kwa kazi hii na ni vizuri, lakini asiye navyo ana kanga kuukuu nyumbani. Kanga mpya haifai, ina wanga na ni ngumu. Ile iliyofuliwa miaka, ambayo mama watoto ameshaishusha cheo hadi kuwa ya kubebea kuni, hiyo ni laini kama inavyotakiwa, ila upindo wake ukatwe wote kwa sababu uzi wa mshono ni mgumu na hukusanya mchanga. Flana ya pamba iliyochakaa pia inafaa, baada ya kukatwa mishono na sehemu yenye maandishi ya kubandika. Kitambaa cha madirisha kisigusane kabisa na cha kufutia injini au tumbo la ndege, kifuliwe peke yake, kianikwe mahali pasipo vumbi, na kiwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko. Kikianguka chini ni hadi kifuliwe tena, hata kama sakafu inaonekana safi. Katika miaka yangu ya usimamizi jambo lililonigombanisha na vijana kuliko lolote ni hilo la kitambaa kilichoanguka, kwa maana kila mmoja alidhani ninamwonea.

Suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani yanafaa, na ya mvua yanafaa pia, lakini ya visima vya karibu na pwani hukauka yakaacha chumvi yake dirishani, ukawa umeondoa chumvi ya bahari na kuweka ya kisima. Kukausha ni kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu kinachobonyezwa kunyonya matone. Dirisha likishakauka lisisuguliwe tena kwa kitambaa kikavu kwa ajili ya kutafuta mng'aro, kwani msuguano huo hulitia umeme tuli, kama kitana cha plastiki kinavyovuta vipande vya karatasi kikishapitishwa kichwani, na vumbi lote lililo hewani litalifuata. Baadaye, mara moja moja, hupakwa nta nyepesi inayokubaliwa kwa plastiki, tabaka jembamba, ikafutwa kwa mkono. Nta huijaza mikwaruzo midogo ikapungua kuonekana na hufanya kumbikumbi wa kesho watoke kwa urahisi.

Haya yote yafanyike asubuhi mapema au jioni, au kivulini. Akriliki huanza kulegea karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, wakati kioo cha kawaida huhitaji zaidi ya 500, na ingawa jua letu halifikishi nyuzi 100, plastiki iliyochomwa na jua la saa saba ni laini kuliko ile ya alfajiri, na sabuni hukauka juu yake kabla haijasuuzwa. Picha yenu, kwa kuangalia urefu wa kivuli cha bawa, nadhani ilipigwa karibu na adhuhuri.

Wapo watakaosema kwamba dirisha likikwaruzika litapigwa polishi, basi wasiwasi wa nini. Ni kweli kwamba akriliki ni kitu kile kile kuanzia juu hadi ndani, na fundi mwenye vifaa anaweza kuusugua mkwaruzo kwa misasa inayozidi kuwa laini hatua kwa hatua hadi pakawa angavu tena. Lakini anaondoa nini? Anaondoa plastiki. Kila mkwaruzo unaofutwa hulifanya dirisha kuwa jembamba pale, na watengenezaji wameweka kikomo cha wembamba unaokubalika. Akisugua mahali pamoja panakuwa na bonde lisiloonekana kwa macho, ambalo rubani akitazama kupitia hapo njia ya kurukia inaonekana imepinda. Msuguano huleta pia joto, na joto huleta mkazo, tukarudi kwenye nyufa nilizozieleza. Polishi ni matibabu ya fundi aliyeidhinishwa, wala haifai kuwa ratiba ya kila mwezi ya kufuta makosa ya mwoshaji.

Lipo pia turubai. Wenye ndege wengine, kwa kulilinda dirisha, huitandika pua ya ndege kwa turubai gumu usiku kucha, na usiku wa kusi turubai hilo hupigapiga likiwa na mchanga chini yake hadi alfajiri. Ni afadhali dirisha lilale wazi na lioshwe asubuhi kuliko kufunikwa hivyo. Atakayefunika atafute kifuniko chenye bitana laini, na aoshe kifuniko pia.

Najua jibu nitakalopewa na wenye ndege, kwamba hakuna muda. Watu wa mji huu tuna usemi wetu, Tanga waja leo waondoka leo, na hakuna wanaoufuata kama ndege ndogo, ambazo hushusha abiria, hupakia wengine na kuondoka kabla injini haijapoa. Sidai kwamba kila zinapotua zioshwe namna nilivyoeleza. Nadai kwamba kama muda hautoshi kwa maji, dirisha liachwe na vumbi lake hadi mahali patakapokuwa na muda, na rubani akiona hawezi kuruka nalo hivyo aseme, asubiri mpira wa maji uvutwe. Dirisha lenye vumbi litasafishika kesho, lakini lililofutwa kikavu kwa haraka halirudi lilivyokuwa. Nadai pia kwamba mwoshaji aonyeshwe ukurasa husika wa mwongozo wa ndege anayoiosha, afasiriwe kwa Kiswahili kama umeandikwa kwa Kiingereza, na apewe kitambaa chake na kopo lake. Vijana wengi wa kuosha hulipwa kwa siku, hubadilishwa kila mara, na hakuna anayewafundisha kwa sababu inadhaniwa kwamba kila mtu anajua kuosha kioo.

Kwako, Mhariri, naomba uchapishe masahihisho ya yale maelezo ya picha, bila kumtaja wala kumwaibisha yule kijana, ukieleza tu kwamba lile dirisha ni la plastiki na kwamba gazeti na dawa ya vioo havikutakiwa kuwapo. Na kama mpiga picha wako atataka picha nyingine ya kuweka mahali pa ile ya kwanza, aombe ruhusa aje uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla ya safari ya kwanza, wakati plastiki bado ina ubaridi wa usiku na mpira wa maji tayari umefunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi msaidizi mstaafu,
Chumbageni, Tanga.